Chombo Kimekunywa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Mzee alikuwa keshafika. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo yake mbele ya gereji, koti kalifunga mpaka kidevuni, maana baridi ya Aprili hapa Kentucky huwa haijaaga vizuri. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha badala ya kuuliza habari za nyumbani akaisogelea boti pale juu ya trela na kuigonga sakafu kwa vifundo vya vidole, mara tatu, kama mtu anayebisha hodi.

"Inalia ngoma," akasema.

"Ni alumini, Mzee. Nimejaza povu chini, ikiwa majini haitalia sana."

"Na maji?"

"Maji yapi?"

Hakujibu. Aliokota ndoo yake, akapanda garini.

Naishi Bowling Green, kusini mwa Kentucky, mji ambao Wamarekani wengi wanaujua kwa kiwanda cha magari ya Corvette. Sisi tunaujua kwa jingine: hapa Kiswahili unakisikia kwenye foleni ya duka, kwenye zamu za usiku, kanisani na msikitini. Wasemaji wake wengi ni Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, na Mzee ni mmoja wao. Kwao ni Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako alivua usiku kwa taa tangu ujana wake. Baadaye vita vikamvusha ziwa, akakaa Nyarugusu miaka ambayo hapendi kuihesabu. Mimi ni mtu wa Pangani. Babu yangu alikuwa na ngalawa, na uzeeni akawa na hisa katika mashua iliyokaa zaidi juu ya magogo ya kutengenezewa kuliko ilivyokaa baharini. Mzee anasema ndagala, mimi nasema dagaa, na hakuna aliyewahi kumshawishi mwenzake.

Boti yenyewe ni ya aina inayoitwa hapa jon boti. Tumbo bapa, omo imekatwa mraba, ubavu mfupi. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni hori la kulishia ng'ombe, na sioni kosa, kwani Kiswahili chenyewe kinatumia neno hilohilo kwa hori la ng'ombe na kihori cha kuvulia. Zamani ziliundwa kwa mbao, hasa kwenye mito ya milima ya Ozark, Missouri na Arkansas, ambako maji mahali pengine hayafiki hata magotini na chombo chenye mkuku kingekwama. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya ndege vikabaki na mafundi wa alumini wasio na ndege za kuunda. Grumman, waliotengeneza ndege za kivita za Hellcat, wakaanza kuuza mitumbwi ya alumini. Ndiyo maana ubavu wa boti yangu, ukiupapasa, una safu za ribiti kama bawa la ndege ya zamani.

Ni ya futi 14, ya mwaka 1987. Niliinunua kwa mstaafu mmoja upande wa Glasgow, Glasgow ya hapahapa Kentucky, kwa bei ambayo mke wangu alisema ingetosha kununua samaki wa miaka mitatu. Alikuwa na haki.

Kasoro ya boti hizi ni chini. Hakuna sakafu. Kuna ngozi ya alumini isiyofika milimita mbili, na juu yake mataruma yaliyokatiza toka ubavu hadi ubavu, kila moja limeinuka kiasi cha pingili ya kidole gumba. Ukisimama kutupa ndoana, unyayo mmoja uko juu ya taruma na mwingine uko bondeni. Ukiangusha koleo, samaki wa ghuba nzima wamepata taarifa. Mwenye boti wa kwanza alilijua hilo, akalaza plaiwudi. Nilipoinunua nilihesabu plaiwudi ile kuwa ni faida.

Haikuwa faida. Ilikuwa imekunywa maji miaka na miaka. Kipande kimoja nilikipima kwenye mizani ya bafuni nikakuta kilo 30 na ushei. Na ilikuwa na ule ukijani wa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa na kuoza. Dawa hiyo ina shaba. Tangu 2004 mbao za namna hiyo zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani Marekani zimeacha arseniki, na nyingi zimeongezewa shaba badala yake. Kwa ukuta au uzio si neno, ila kwa alumini ni sumu. Shaba na alumini vikilala pamoja katika unyevu vinakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Nilipong'oa ubao wa mwisho nikakuta chini unga mweupe, kama chumvi iliyomwagika. Nikaufuta kwa kitambaa. Chini ya unga kulikuwa na vishimo, vingine vidogo kama kichwa cha pini. Nikaizima taa ya gereji, nikaingia chini ya trela, na nikaiona nuru ya dirishani ikipenya katika matundu mawili, nyembamba, kali, kama nyota.

Hapo ndipo nilipomwita Mzee.

Njia ya kujua chombo cha alumini kinavuja wapi ni kugeuza mambo: badala ya kukiweka majini, unayaweka maji ndani yake kikiwa juu ya trela, kisha unalala chini na kuangalia. Tulitia kwa mpira wa bustani. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba kila sentimita moja ya kina humo ndani ni kilo 35 au zaidi, na trela langu si la kubebea hayo, kwa hiyo maji yalipofika sentimita kumi kule nyuma nikafunga bomba. Omo, kwa jinsi inavyopanda, ilibaki kavu. Sikulifikiria hilo. Ribiti kumi na moja zilitoa machozi, na Mzee akazizungushia kila moja duara kwa kalamu ya wino.

Ribiti za ubavuni si zile za kufyatuliwa kwa bunduki. Ni pini nene za alumini, na kuzikaza kunataka watu wawili: mmoja nje anaegemeza kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha ribiti, mwingine ndani anagonga mkia mpaka ujitandaze. Ukigonga kabla mwenzako hajaegemeza sawasawa, umelitanua tundu. Tulizigonga zote kumi na moja siku moja, Mzee nje, mimi ndani, yeye akisema "piga" na "ngoja" na basi. Vishimo vilivyotoboka nikaviziba kwa vipande vya alumini na gundi ya epoksi. Maji ya majaribio yaliyofuata hayakutoka hata tone. Tulifurahi. Tulikuwa tumeyatia kwa kina kilekile.

Sasa sakafu. Nilikuwa nimejiaminisha kuwa alumini ni nyepesi kuliko ubao, kwa sababu kila mtu husema alumini ni nyepesi. Ni nyepesi ukiilinganisha na chuma cha pua. Shiti ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 3 na kidogo ina kilo 25. Plaiwudi kavu ya milimita 12 ya ukubwa huohuo ina kama 21. Tofauti ni kwamba alumini itakuwa kilo 25 leo na kilo 25 mwaka kesho, mvua inyeshe isinyeshe. Nikachukua nyembamba zaidi, ya milimita 2.3, aina ya 5052, ambayo ina magnesiamu kiasi cha asilimia 2.5 na haina ugomvi na maji. Kilo 18. Kwa kuwa ni nyembamba ilihitaji kushikiliwa karibu karibu, nikaunda fremu ya engo za alumini, hasa mbele, ambako tumbo la boti linaanza kupanda. Huko niliinua sakafu kama sentimita kumi ili nayo iwe bapa kama ya nyuma.

Vipimo nilichukua kwa maboksi. Hii ndiyo kazi pekee katika yote ambayo nilijiona fundi. Unakata boksi, unalilaza, halikai, unakwangua ubavuni, unalilaza tena. Ubavu wa boti ambao kwa macho ni mstari, kwa boksi una tumbo na kiuno kama mtu. Nilipolihamishia umbo lile kwenye shiti nikapunguza milimita tatu kila upande, kwa sababu shiti ya mita 2.4 toka baridi ya barafu hadi jua la Julai hurefuka milimita mbili na zaidi, na ikikosa pa kurefukia itainuka katikati kama chapati. Nikakata, nikasugua kingo kwa tupa mpaka zikaacha kukata ngozi, nikafunga kwa ribiti za bunduki, za alumini pia, kila baada ya shubiri moja. Juu nikagandisha zulia la boti, maana alumini tupu ikipigwa na jua huwezi kuikanyaga peku.

Na povu. Povu gumu la waridi lile la kuhami kuta, lisilonyonya maji. Wazo langu lilikuwa zuri: linapunguza kelele, na chombo kikijaa linakisaidia kuelea. Nililikata vipande, nikavishindilia kati ya mataruma katika sehemu ya kati, nikavishindilia mpaka chini ya benchi. Lilipokwisha nikaacha. Mbele, chini ya ile sakafu niliyoiinua, pakabaki patupu. Mke wangu alipokuja kuona, nilirukaruka juu ya sakafu ili aone isivyobonyea.

Turudi barabarani. Tulishika njia ya Scottsville kulipoanza kupambazuka, trela likigugumia nyuma yetu. Kandoni kulikuwa na maghala meusi ya tumbaku na ile miti midogo inayochanua zambarau kabla ya kutoa jani. Mzee alishika thermosi katikati ya mapaja na hakusema kitu mpaka tulipoliona ziwa.

Barren River Lake si ziwa la Mungu. Ni bwawa, jeshi la wahandisi la Marekani lilimaliza kuuziba mto Barren mwaka 1964 ili kuzuia mafuriko, na kila majira ya baridi maji hushushwa mita kadhaa kuachia nafasi ya mvua za masika. Nilimweleza Mzee hayo tukishuka mteremko wa zege. Akahesabu kidogo kwa vidole.

"Nimelizidi umri," akasema. "Mimi nimeota meno ya pili, ziwa hili bado shamba la mtu."

Alicheka peke yake. Kwa mtu aliyekulia juu ya maji yenye kina cha karibu kilomita moja na nusu, ziwa linalopunguzwa kwa funguo ni kichekesho.

Kabla ya kuisukuma boti nilienda nyuma kukagua nguruzi. Pangani tuliita hivyo kile kizibo cha tundu la chini, la kutolea maji chombo kikiwa pwani. Wageni wa boti hapa husahau kukirudisha, na wenyeji wanajua kuwacheka. Mimi sikusahau. Nilikikaza, nikakijaribu kwa kidole, nikampigia Mzee dole gumba. Akaingia, akakaa benchi la mbele kwa kuwa ndiko anakopenda kukaa, akitazama tunakokwenda.

Saa ya kwanza ilikuwa ile niliyoilipia. Nilisimama. Kwa mara ya kwanza nilisimama katika boti ile miguu yote miwili katika kimo kimoja, na sakafu haikulia wala haikubonyea. Nilitupa ndoana nikiwa wima kama niko varandani. Mashine yetu ya farasi 9.9 ilitufikisha kwenye mkono wa Beaver Creek, tukaizima, tukaacha upepo utupeleke taratibu kandokando ya miti iliyozama. Majira haya krapi hupanda kutaga kwenye maji mafupi. Ni samaki mpana kama kiganja, mwenye madoa, mdomo laini kiasi kwamba ukivuta kwa pupa unabaki na ndoana tupu. Tulitumia vidagaa hai na boya dogo. Mzee alipata wanne kabla sijapata mmoja. Havuti. Anainua tu fimbo kama mtu anayeinua kifuniko cha chungu kuona kama wali umeiva.

Ilikuwa karibu saa tatu niliposogea upande wa kulia kumfungua samaki. Boti ikalala kulia, kama ilivyo ada. Nikarudi katikati. Boti haikurudi nami. Ilikaa imelala, ikafikiri, kisha ikarudi polepole na kupitiliza upande wa pili.

Mzee aliweka fimbo chini. Akanyoosha kiganja: nyamaza. Akainama mpaka sikio likawa karibu na zulia, akaegemea kulia, akaegemea kushoto. Nami nikasikia. Chini ya sakafu yangu, chini ya zulia, kitu kilipita toka upande mmoja hadi mwingine kwa sauti ya mtu anayesukutua.

"Chombo kimekunywa," akasema.

Nilitazama nyuma, kwenye lile bonde dogo la tezi ambako maji yote hupaswa kujikusanya. Kulikuwa na unyevu wa kutosha kulowesha sifongo.

Pangani wazee wana msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimeusikia ukisemwa harusini, msibani, kwenye kesi za mashamba, na siku zote nimeuchukulia kama fumbo la maisha. Pale Beaver Creek niliusikia kama maelezo ya fundi. Maji yakiingia, yaingie mbele au nyuma, lazima yapate njia ya kurudi ngamani, mahali pamoja, unapoyaona na kuyafua. Mashua ya babu ilivuja maisha yake yote na haikumtisha mtu, kwa kuwa kulikuwa na kijana, mara nyingi mimi, aliyekaa juu ya ngama na kopo. Mimi nilikuwa nimejenga sakafu nzuri juu na boma la povu chini. Maji ya mbele yalikuwa hayana pa kwenda ila kulia na kushoto, na maji yanayohama ni mabaya kuliko mzigo. Mzigo unakaa ulipouweka, maji yanakimbilia palepale ambapo chombo tayari kimelemewa.

"Umefunga kwa skrubu?" Mzee akauliza.

"Ribiti."

"Zote?"

"Zote, Mzee."

Alivuta pumzi kwa pua. Hakunisema. Alisema tu kwamba kwao mtumbwi ukilowa unalowa miguuni mwako, hata mtoto anajua. Kisha akaanza kutoa amri kwa sauti ileile ya "piga" na "ngoja". Mashine iwashwe polepole. Yeye akatambaa kuja benchi la kati, ndoo ya samaki ikaja nyuma, tenki la mafuta likaja nyuma, nikaambiwa nikae na nisisimame tena hata nikiumwa na nyuki. Omo ilipoinuka kidogo, maji mapya yakapungua kuingia. Tulirudi kandokando ya ufuo, karibu kiasi cha kugusa matawi, mwendo ambao mtu wa miguu angetupita. Maboya ya kuokolea tulikuwa tumeyavaa tangu asubuhi. Nakiri Mzee ndiye aliyesisitiza. Ilituchukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo sikuitazama sakafu yangu hata mara moja.

Juu ya mteremko nilichomoa nguruzi. Kilitoka kijitiririko cha kujaza kikombe, kikakoma.

Mzee akalala chali juu ya zege bila kujali koti lake, akaanza kupapasa omo kwa nje. Akaniita. Palikuwa na ribiti moja, juu ya ule mstari ambao maji yetu ya gereji hayakuwahi kuufikia, inatoa uzi mwembamba wa maji, unang'aa juani. Akikaa mtu mbele, ribiti hiyo inazama. Tungekuwa tumejaza sentimita tano zaidi siku ile, tungeizungushia duara la kumi na mbili.

"Leta waya," akasema.

Nilikuwa na fimbo nyembamba ya chuma ya kupimia kina. Akaingia ndani ya boti, akapiga magoti nyuma ya benchi la kati, akaisukuma fimbo chini yake, akaizungusha, akasukuma tena kama mtu anayezibua mtaro wa mvua. Povu lilitoa mlio. Kwenye tundu la nyuma kikatokea kipande cha waridi, kikakwama, kikajipinda, kikaruka. Nyuma yake yakaja maji. Yalitoka kwa nguvu ya bomba, yakashuka mteremko kurudi ziwani, yakaendelea kutoka. Jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake na boti kubwa inayometameta akateremsha kioo cha gari, akaniuliza kama nilisahau kizibo. Nikamwambia hapana. Hakuniamini, nami sikuwa na Kiingereza cha kumweleza habari za tezi na omo.

Mzee alikuwa kesharudi mbele. Alibisha hodi tena juu ya sakafu, hapa, na hapa, sikio limeinama, mpaka akapata mahali panapoitikia kwa utupu. Akatoa kisu chake cha samaki, akakipangusa kwenye suruali, na bila kuniomba ruhusa akalichana zulia langu jipya: mstari, mstari, mstari, mstari. Mraba wa kupitisha mkono na kopo. Akaubandua, akaukunja, akanitupia.

"Jumamosi ijayo," akasema, akiwageuza samaki ndoani kuhesabu wake na wangu, "utakata hapa. Skrubu."